Mwizi wa Maziwa Langoni

Lango lile lilikuwa halilindi kitu. Ukuta wake ulikuwa umeanguka kabla sijazaliwa, na mawe yake watu walikuwa wameyachukua kidogo kidogo kujengea misingi ya nyumba. Zilibaki nguzo mbili za mawe ya vilima vya Mwanza, tao la matofali ya kuchoma juu yake, na milango miwili ya mbao nzito yenye mabamba ya chuma. Kushoto na kulia palikuwa wazi. Mkokoteni wa ng'ombe ungeweza kupita upande wowote bila kugusa nguzo. Hata hivyo, kila alfajiri wauzaji walisimama nje, mizigo vichwani, wakimngoja mlinzi aje na ufunguo.

Watu walisema limejengwa na Wajerumani. Nilitaka kujua kwa hakika. Mimi ni fundi saa. Shuleni sikukaa muda mrefu, na mengi ninayoyajua nimeyatafuta mwenyewe katika vitabu vya kuazima. Nilipima matofali, nikayalinganisha na ya majengo mengine ya zamani mjini. Nikauliza wazee. Mmoja alisema lilikuwa lango la ngome, mwingine akasema la zizi la punda wa serikali. Sikupata hakika, nikaacha suala hilo pale hakika ilipoishia.

Desturi ndiyo iliyokuwa na hakika. Wenye soko walisema: anayepita pembeni, riziki yake nayo hupita pembeni. Kwa hiyo wote walipita katikati, wanawake wa maziwa wakiwa wa kwanza, maana maziwa hayangoji. Walikaa mara tu ukishaingia, mkono wa kulia, vibuyu vyao vikiwa vimezibwa kwa nyasi. Baada yao tumbaku, kisha vyungu, kisha mtama na viazi, na mwisho kabisa, ardhi ilipoteremkia ziwani, samaki na dagaa na mitumbwi iliyofika kutoka Kamanga. Nililijua soko hilo tangu utotoni. Lakini ninapolikumbuka sasa, nalikumbuka kwa miezi michache tu ya mwaka wa Uhuru, kwa sababu ya maziwa.

Mke wangu alifariki akijifungua, mwanzoni mwa kiangazi. Mtoto alibaki, wa kike. Tulizika jioni ile ile. Watu walikuja, wakasoma, wakala, wakaondoka. Dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa mjane, alihamia kwangu Mabatini na mkeka wake na sufuria zake. Mimi sikulia. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kujilaumu. Nasema kwa kuwa watu walinitazama wakingoja nilie, na mimi pia nilingoja. Baada ya hitima nilirudi kwenye meza yangu ya kazi, barazani mwa duka la nguo. Mikono ilifanya kazi yake. Nilifungua saa, nikasafisha, nikafunga, na jioni sikukumbuka zilikuwa za nani.

Jirani mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga alimnyonyesha wetu siku za mwanzo, mpaka maziwa yake yakawa hayamtoshi hata wake. Maziwa ya kopo ya dukani mtoto aliyatapika yote. Nilimpeleka hospitali, na mkunga akanieleza la kufanya: maziwa ya ng'ombe ya asubuhi hiyo hiyo, yachemshwe, yapunguzwe kwa maji, yatiwe sukari kidogo.

"Akikosa hayo," alisema, "huyu hataiona mvua."

Alisema kwa upole. Nikamshukuru, nikaenda nyumbani, na alfajiri iliyofuata nikaenda langoni.

Nilimchagua bibi mmoja wa Kisukuma aliyekaa karibu zaidi na nguzo. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye meno mazuri kwa umri wake. Alitoka kijiji cha mbele ya Mkuyuni, na alibeba vibuyu viwili, kikubwa kichwani na kidogo mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kikombe au chupa?"

"Chupa. Na nitahitaji kila siku."

"Kila siku! Umeoa wangapi?"

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimweleza. Nilimweleza jinsi ninavyomweleza mteja ubovu wa saa yake, kwa mpangilio, bila kuacha kitu: kwamba mke wangu amefariki akijifungua, kwamba mtoto yu hai, kwamba maziwa ya kopo hayamkai tumboni, kwamba mkunga ameagiza haya. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kile kifundo cha nyasi alichokuwa amekitoa, akakirudisha kwenye mdomo wa kibuyu.

"Pole sana, baba," alisema. "Siwezi kukuuzia."

Nikadhani hajaelewa. Nikaanza upya.

"Nimesikia," alinikatiza. "Umesema vizuri mno. Kwetu, maziwa yakiingia nyumba iliyofiwa na mzazi, ng'ombe anakauka. Ninaye mmoja tu anayekamuliwa kiangazi hiki. Wajukuu wote wanamtazama yeye."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtoto aote jino. Akishaota jino ni mtu wake mwenyewe. Sasa hivi bado ni wa mama yake."

Sijui kama hiyo ni desturi ya Wasukuma wote. Wapo Wasukuma niliowauliza baadaye wakasema hawaijui. Lakini wanawake waliokaa naye walitoka upande mmoja naye, na wote walikuwa wamesikia. Nilipogeuka kuwatazama, kila mmoja alikuwa ameshasogeza kibuyu chake nyuma ya miguu.

Dada yangu aliposikia alikaa chini.

"Nani alikutuma useme yote?" aliniuliza. "Mtu anakwenda kununua maziwa, anatoa hotuba ya mazishi? Ungesema mkeo yupo kitandani."

"Aliniuliza."

"Alikuuliza chupa au kikombe."

Jirani alijitolea akatununulie kwa siri. Nilitaka kukubali, lakini dada alikataa, na hoja yake ilikuwa nzuri. Kiangazi kile ng'ombe wengi wangekauka hata bila sababu. Akikauka mmoja tu, kisha ijulikane maziwa yalikuwa yanakuja kwetu, tungelaumiwa sisi, na hakuna mtu pale langoni angetuuzia tena hata maji. Kwa hiyo mtoto alipewa maji ya uji kwa kijiko. Sauti ya kilio chake ikaanza kupungua. Dada alisema hiyo si dalili nzuri. Nilijua si dalili nzuri. Nilijua kama ninavyojua kwamba ziwa liko upande gani, bila jambo lolote kusogea ndani yangu.

Asubuhi zilizofuata niliendelea kwenda langoni. Sikuwa na mpango. Nilisimama kando ya nguzo, nikawatazama wenzangu wakinunua. Mlinzi wa lango alikuwa mzee wa Kinyamwezi, mwenye funguo nyingi kuliko milango. Siku moja alinijia.

"Fundi, unangoja nini? Lango limeshafunguliwa."

Nikamweleza, safari hii kwa ufupi. Akafikiri.

"Baba yako si yule mwashi wa Kizaramo aliyekuja na reli?"

"Ndiye."

"Sasa wewe unaombaje maziwa kwa Msukuma? Mtani haombi. Mtani anachukua."

Habari ya utani niliijua. Babu za Wasukuma na Wanyamwezi walipoteremka pwani na mizigo, Wazaramo ndio waliowapokea. Inasemekana walianza kwa kupigana, wakaishia kufanyiana mzaha, na mzaha ukarithiwa. Mtani akikutukana hukasiriki, akichukua chako humshtaki. Baba yangu aliujua sana utani. Misibani walimwita makusudi, aje awachekeshe wafiwa. Mimi sikuwahi kuufanya. Hata kabla ya kufiwa sikuwa mtu wa mzaha.

"Na ng'ombe?" niliuliza.

"Ng'ombe anaujua mkono wa mwenyewe," alisema mlinzi. "Maziwa yakiuzwa yana mkono wake. Yakitolewa bure, yana mkono wake. Yakiibwa na mtani hayana mkono wa mtu. Ng'ombe atajuaje yamekwenda wapi?"

"Bibi atakubali?"

"Usimuulize. Ukimuuliza umeharibu tena."

Kesho yake niliingia na wa kwanza. Bibi alikuwa ameketi mahali pake, kibuyu kidogo kando ya mguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Nilikuwa nimetafuta tusi njia nzima tangu Mabatini, na sikuwa nimelipata. Nikafungua kinywa na kusema lililokuwepo.

"Wewe bibi... wewe ni Msukuma."

Wauzaji wakageuka. Kisha muuza tumbaku, mwanamume mnene aliyekaa nyuma yao, akaanza kucheka.

"Hilo nalo ni tusi? Hilo hata bwana shauri wa Kizungu analijua!"

Bibi hakucheka. Alinitazama usoni, kisha akamtazama mlinzi aliyekuwa anajifanya anapaka mafuta bawaba, kisha akanitazama tena.

"Na wewe ni nani?" aliuliza taratibu.

"Mzaramo. Kwa baba."

"Mzaramo!" Alisimama, mikono kiunoni, ili soko zima limsikie. "Nilisema mimi! Nilisema mtu huyu ana uso wa nazi iliyosahauliwa juani. Mzaramo anajua maziwa gani? Kwao wanakamua mnazi! Akimwona ng'ombe anaupanda, anakaa huko juu mpaka ng'ombe azeeke! Na mwizi gani huyu anayeamkia kwanza? Shikamoo, bibi, nakuja kukuibia!"

Wanawake wote walicheka. Bibi akageuka, akanipa mgongo, akainama kuikunja upya ngata yake ya kichwani. Aliikunja kwa muda mrefu kuliko ngata yoyote inavyohitaji. Kibuyu kidogo kilikuwa pale chini.

Nikakichukua, nikaondoka. Nilitembea, na hilo nalo lilikuwa kosa.

"Mwizi!" alipiga kelele nyuma yangu. "Tazameni mwizi anavyotembea, utadhani anakwenda kuposa! Kimbia, mtumwa wangu! Nitawaambia nini watu, kwamba nimeibiwa na kobe?"

Nikakimbia. Nilikuwa mtu mzima, nimevaa kanzu na kofia, nimekumbatia kibuyu cha maziwa, na nilipita chini ya lile tao nikikimbia huku watu wakipiga vigelegele. Nakumbuka niliona kila kitu kwa usahihi: mchwa kwenye mbao za mlango, ndala moja iliyokatika kando ya njia, moshi wa muuza uji. Sikuona aibu. Sikuona chochote zaidi ya hivyo vitu.

Dada aliyachemsha, akayapunguza. Mtoto alikunywa, akacheua kidogo, akanywa tena, akalala.

Nilipokirudisha kibuyu kesho yake, bibi hakunitazama. Alizungumza na mwenzake, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye vyungu.

"Watani wangu wa pwani nawajua," alisema. "Hawaendi popote bila chumvi kikapuni. Damu yao haina ladha."

Nilichelewa kidogo kuelewa, lakini nilielewa. Alfajiri iliyofuata nilibeba kikapu chenye chumvi ya mawe, ile ya kulambisha ng'ombe. Nikakiweka chini, nikageuka, nikatazama tao la lango kama mtu aliyeliona kwa mara ya kwanza. Niliposikia kikapu kikisogezwa sikugeuka. Baadaye chumvi haikuwepo, na kibuyu kilikuwa pale chini, na bibi alikuwa anakunja ngata.

Ndivyo tulivyoendelea. Aliniibia chumvi, sabuni, siku nyingine kitambaa. Mimi nilimwibia maziwa. Kiangazi kilipozidi kibuyu kilikuwa chepesi zaidi, lakini hakikuwahi kukosekana. Shida yangu ilikuwa matusi. Bila tusi haukuwa utani, ungekuwa wizi, na bibi hakugeuza mgongo mpaka nimemtukana vizuri. Nikawa nayatafuta kazini, huku nimeinamia saa ya mtu na kioo cha kukuzia kikiwa jichoni. Mengine nilimwambia kwanza dada.

"Huo si utani," alinijibu mara moja. "Huo ni utabiri wa hali ya hewa. Mwambie hivi: Msukuma akifiwa na mke analia siku moja, akifiwa na ng'ombe analia msimu mzima."

Nililibeba hilo mpaka langoni, nikalisema kwa sauti ile ile ninayomwambia mtu saa ni ngapi. Wenzake walicheka. Bibi hakucheka mara moja.

"Ni kweli," alisema. "Na wewe, Mzaramo, ulilia kiasi gani?"

Kati ya watani hakuna swali lililokatazwa.

"Sijalia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi bado hujafiwa," alisema, na akageuza mgongo.

Wanawake walicheka tena. Nilichukua kibuyu, nikakimbia kama ilivyonipasa. Maneno yale niliyafikiria mpaka nikafika nyumbani, nikaona hayana kosa ndani yake ninaloweza kulionyesha, nikayaacha.

Mvua zilianza. Mtoto alinenepa mashavu, akajua kucheka. Alipocheka, dada alinitazama usoni kuona kama nami nitacheka. Nilitabasamu kwa sababu yake.

Kisha ikaja siku ya Uhuru. Siku hiyo nimeisoma vitabuni tangu hapo, na ninayosoma yote naamini ndivyo yalivyokuwa. Lango lilikuwa limepambwa kwa migomba mizima iliyofungwa kwenye nguzo, na bendera mpya juu ya tao, kijani na manjano na nyeusi. Kwaya za shule zilikuwa zinajipanga. Wageni wa heshima walitarajiwa kupita, kwa hiyo milango ilifungwa mpaka wafike, na kijana mmoja mwenye utepe begani, aliyetoka mkoa wa mbali, alipewa kazi ya kuweka utaratibu.

Wauzaji wote walikuwa nje, mizigo vichwani, na jua lilikuwa limeshapanda.

"Piteni pembeni!" kijana alikuwa anawaambia. "Mama zangu, pembeni ni wazi! Hakuna ukuta!"

Hakuna aliyesogea.

"Tukipita pembeni, mwanangu, riziki inapita pembeni," alisema muuza tumbaku.

"Lakini leo ni Uhuru."

"Ndiyo. Ndiyo maana hatutaki kuuanza vibaya."

Kijana akatazama zile nafasi mbili pana, kulia na kushoto kwa lango, akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa namtafuta bibi. Nilimwona katikati ya umati, kibuyu kikubwa kichwani, kidogo mkononi, jasho usoni. Maziwa ya asubuhi katika jua lile hayakuwa na muda. Nilijipenyeza, nikamwambia kwamba Wasukuma wamesubiri Uhuru miaka yote na leo wanashindwa na mlango. Lilikuwa tusi zuri, moja ya machache niliyoyatunga mwenyewe. Akaniita kaa wa pwani, akaniambia niende upande upande kwetu. Akaweka kibuyu chini, akageuka. Nikakichukua, nikakimbia.

Kijana mwenye utepe alinikamata mkono kabla sijafika barabarani.

"Nimekuona!" alisema. Alikuwa na nguvu. "Siku ya Uhuru! Unamwibia bibi kizee siku ya Uhuru!"

Nilikishika kibuyu kwa mkono wa pili kisimwagike. Bibi aliletwa na watu, akasimama mbele yetu.

"Bibi, huyu amekuibia?"

Niliielewa hali yake kuliko mtu yeyote pale. Akisema amenipa, yale maziwa yangekuwa na mkono wake, na si ya siku hiyo tu. Akisema nimeiba, ningepelekwa kituoni, siku ambayo hakuna mtu wa kusikiliza kesi, na maziwa yangechachia mezani kwa polisi. Alikitazama kibuyu mkononi mwangu.

"Ameniibia," alisema.

Mkono wa kijana ulikaza.

"Leo ameniibia," bibi aliendelea. "Na jana. Na juzi. Ananiibia tangu kiangazi."

"Na hujamwambia mtu yeyote?"

"Mimi? Napiga kelele kila siku. Waulize hawa."

"Anapiga sana," alisema muuza tumbaku. "Tumechoka."

Kijana akatutazama mmoja mmoja. "Basi twende kituoni, bibi, ukaeleze."

Bibi akatua kibuyu kikubwa. Akaja mpaka karibu yangu, akaivuta kofia yangu kichwani, akaivaa juu ya ngata yake.

"Na mimi nimemwibia," alisema. "Umeona kwa macho yako. Tufungeni wote wawili. Ila mimi nilazwe karibu na dirisha, huyu Mzaramo ananuka nazi."

Umati ukacheka. Mlinzi wa lango akaja mbio na funguo zake zikilia.

"Mwachie, mwanangu, ni watani hao."

"Watani mpaka maziwa?"

"Watani mpaka maiti."

Kijana alilegeza mkono, lakini hakuuondoa. Nadhani aliona haya kidogo, na alikuwa na kila haki ya kunikamata. "Kwetu watani wanachukua kuku tu," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akakitazama kibuyu. "Maziwa ya nani?"

"Ya mtoto."

"Basi kimbia."

Nilikimbia kichwa wazi. Nyuma yangu kwaya zilianza kuimba, nyimbo zilikuwa nzuri, na nilijua kwamba ni siku kubwa ambayo nitaulizwa habari zake na watoto. Nilichokihisi ni uvuguvugu wa kibuyu kifuani. Dada aliyaonja, akasema hayajaharibika.

Haukupita muda mrefu tangu hapo, dada alikuwa anamlisha mtoto akasimama ghafla, kijiko mkononi.

"Njoo usikilize," aliniambia.

Akakigusisha kijiko kwenye ufizi wa chini. Mimi masikio yangu yamezoea sauti ndogo. Nilisikia chuma kikigonga kitu kigumu.

Alfajiri nilimfunga mtoto kwa khanga ya mama yake, nikampeleka langoni. Bibi aliniona kwa mbali, akasimama. Wote wakasimama, hata muuza tumbaku. Alinawa mkono, akaingiza kidole kinywani mwa mtoto, polepole, akapapasa. Mtoto akamng'ata.

"Ameniuma," alisema. "Huyu ni mwizi kuliko baba yake."

Akamchukua, akamtazama sana, akampulizia usoni, akanirudishia. Kibuyu kidogo alinikabidhi mkononi mwangu, mara ya kwanza.

"Hiki cha leo ni changu kwake," alisema. "Sasa ni mtu wake mwenyewe. Kesho utanunua."

Kesho yake nilikwenda na chupa iliyooshwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Chupa?"

"Chupa."

Akatoa kifundo cha nyasi, akamimina, hakumwaga hata tone. Nikamlipa. Akazifunga pesa kwenye pindo la kitenge chake na wakati huo huo akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeniita mwizi. Muuza tumbaku alikuwa anapima tumbaku yake. Nilikuwa mtu anayenunua maziwa.

Nikafika chini ya tao, na miguu ikasimama. Ilikuwa imezoea kukimbia pale, na sasa haikuwa na sababu. Mlinzi alikuwa ameegemea mlango.

"Leo huibi, fundi?"

"Leo nimenunua."

Akaitazama chupa, kisha akanitazama mimi, akajiondoa kwenye mlango, akasimama wima.

"Pole sana," alisema, kama mtu aliyefika msibani siku ya kwanza.

Nilitaka kumjibu kama inavyojibiwa, na badala ya jibu kikatoka kilio. Niliishika chupa kwa mikono yote miwili, nikaiinamia. Sijui nilisimama hivyo kwa muda gani. Nilipoweza kuinua kichwa, niliona kwamba nimeziba njia. Mbele yangu, nje ya lango, walikuwa wamejipanga wanawake wa mtama na wa viazi na wabeba vyungu, mizigo vichwani, wakiningoja. Kushoto na kulia kwangu palikuwa wazi, pana kiasi cha kupita mkokoteni, na hakuna hata mmoja aliyepita pembeni.